Bei ya bunga inaanzia shambani: juu ya nini tunadai maagronomu

Haya ndiyo maneno tuliyosema kwenye kikao chetu cha Kikula. Wengi hawakufika juu ya mvua, na wengine wako Lubumbashi na Kolwezi wanatafuta kazi. Basi tumeyaandika hapa, pamoja na majibu ya maulizo yaliyotoka ukumbini.

Ulizo la kwanza lilikuwa hili: "Sisi tuko watu wa muji. Mambo ya agronomu na wakulima inatuhusu nini?" Tunaanza na hilo, maana ndilo lenye uzito.

Hapa Likasi tunatoa shaba na kobalti, lakini asubuhi hakuna mtu anayeuliza bei ya shaba. Tunauliza bei ya meka ya mahindi na bei ya mfuko wa bunga. Bunga ikipanda, mama anapunguza bukari, mwanafunzi anaenda masomo na njaa, mwenye nyumba anaongeza kodi juu na yeye anakula. Mshahara wa mwalimu haupandi. Sisi wenye diploma bila kazi hatuna hata mshahara wa kutopanda. Na hiyo bei haipangwi hapa. Sehemu kubwa inapangwa Kasumbalesa, kwenye mpaka, kulingana na mavuno ya Zambia na uamuzi wa serikali ya Zambia.

Si jambo la jana. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 ikitoka kusini, na tangu miaka ile ya kwanza wafanyakazi wa migodi walilishwa unga uliotoka Rhodesia. Zaidi ya miaka 100, na majina yamebadilika yote: Jadotville ikawa Likasi, Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia, Union Minière ikawa Gécamines. Njia ya bunga iko paka ile ile. Mwezi wa pili mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, mwenye sufuria hapa Panda alikuwa na haki ya kuogopa. Zambia hawakutukosea. Nchi ikipata njaa inafunga mlango wake kwanza, na sisi tungefanya vile vile.

Sasa, udongo wetu ni mbaya kuliko wa Zambia? Mpaka ule ulichorwa na Wazungu, haukuchorwa na mvua. Mvua ni ile ile, miombo ni ile ile, udongo mwekundu wenye asidi ni ule ule. Hata hivyo mkulima mdogo wa Kongo kwa wastani anavuna chini ya tani 1 ya mahindi kwa hekta, na mwenzake wa Zambia anapata karibu mara mbili au zaidi. Sababu ziko mingi: mbolea, barabara, mkopo, bei ya serikali. Lakini moja tunaisahau kila mara. Kule Zambia wilaya imegawanywa katika sehemu ndogo wanazoziita kampu, na kila kampu inatakiwa kuwa na afisa wa kilimo anayejulikana kwa jina. Huku kwetu, uliza kijiji chochote kwenye njia ya Kambove: agronomu wa serikali alifika lini mara ya mwisho? Wengi watakuchekea.

Kazi hiyo kwa Kifaransa inaitwa vulgarisation, kwa Kiswahili cha vitabu ni ugani. Maana yake: mtu aliyesomea kilimo anatembea na mkulima msimu mzima, anamwonyesha, anamsikiliza, anarudi. Kongo tuna Service National de Vulgarisation, tuna INERA yenye kituo chake Kipopo karibu na Lubumbashi, tuna SENASEM ya kuhakikisha mbegu, na tuna wakaguzi wa kilimo wa jimbo na territoire. Kwenye karatasi tuko matajiri.

Huyo mtu anamwambia mkulima kitu gani kinacholeta pesa? Tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wanafikiri ni maneno ya semina.

Chukua kupanda. Wengi wanaweka mbegu tatu au nne kwenye shimo moja, na mashimo yako mbali mbali. Mimea inagombania chakula pale pale, na katikati ya mashimo nyasi zinashangilia. Ukipanda mistari, sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, sentimeta 25 kati ya mbegu na mbegu, mbegu moja moja, unapata mimea kama 53,000 kwa hekta na kila mmoja una nafasi yake. Hapo hujanunua kitu. Umenunua kamba tu, na kama una kamba ya kuanika nguo, basi hata kamba hujanunua.

Chukua palizi. Majuma ya kwanza baada ya mahindi kuota ndiyo yanayoamua. Mkulima anayengoja nyasi zifike magotini ameshapoteza mifuko ambayo hataiona tena, hata akipalilia vizuri baadaye.

Chukua mbegu. Mama amenunua mbegu ya hibridi kwa bei kali, amevuna vizuri, mwaka unaofuata anatoa mbegu kwenye ghala lake mwenyewe. Nguvu ya hibridi inashuka kizazi cha pili, na yeye anasema mbegu imerogwa. Kumbe kuna aina nyingine, kama ile Kasai 1 ya zamani iliyotolewa na programu ya mahindi ya hapa kwetu, ambayo unaweza kuchagua masuke mazuri na kurudisha shambani misimu kadhaa. Nani atamwambia mama ni mbegu gani ya kurudia na ni ipi ya kununua upya? Muuzaji wa mbegu? Yeye anataka uirudie dukani kila mwaka.

Chukua urea. Ukiimwaga juu ya udongo na jua linawaka, sehemu ya azoti inapanda hewani. Pesa yako inaruka. Ukiifukia kwa jembe, inabaki. Mfuko ni ule ule, lakini mavuno hayafanani.

Viwavijeshi vilivyotoka Amerika viliingia Afrika mwaka 2016, na sasa vimekuwa wenyeji. Mkulima anaviona vikiwa vikubwa, vimejificha ndani ya moyo wa mmea, anakimbia kununua dawa, anapiga mchana. Dawa haifiki. Anayetembelea shamba lake mapema, anayekagua majani mara mbili kwa juma na kushughulikia mayai na viwavi vidogo, anatumia dawa kidogo au hatumii kabisa.

Na udongo wenye asidi. Hapa tunawaomba watu wa Likasi wasikilize vizuri. Chokaa inapunguza asidi. Machimbo ya chokaa yako Kakontwe, hapa hapa kwetu! Miaka yote chokaa ile imefanya kazi ya viwanda vya metali. Mkulima aliye karibu kabisa na mawe yale hajui kwamba yanaweza kusaidia shamba lake. Hajui pia kipimo, na chokaa bila kipimo ni hasara nyingine. Kwa upande mwingine, karibu na Shituru na kando ya mto Panda kuna mahali ambapo maji ya viwanda yamechafua udongo, na huko mtu anapaswa kuambiwa kwa ukweli asilime mboga za kulisha watoto. Hiyo nayo ni kazi ya agronomu.

Hesabu sasa. Wale wa ekonomia kati yetu walitusaidia, na tunasema wazi kwamba huu ni mfano. Namba ubadilishe mwenyewe kwa bei ya soko la Kikula. Familia moja ina hekta 1 na inavuna mifuko 8 ya kilo 100. Tuseme kula kwao kwa mwaka ni mifuko 10. Maana yake mkulima mwenyewe, mwezi wa kwanza na wa pili, anakuja mjini kununua bunga pamoja na wewe. Anakuongezea foleni, anakuongezea bei. Akipata mifuko 3 zaidi, kwa kupanda mistari, kwa kuwahi mvua na kwa palizi ya mapema, anakuwa na 11. Haji tena sokoni kununua. Analeta mfuko 1 kuuza. Kwa mtu wa muji hiyo ni faida mara mbili: mnunuzi mmoja ametoka, muuzaji mmoja ameingia.

Agronomu mmoja tumpe familia 300. Tusijidanganye kwamba wote watamsikiliza. Tuseme 100 tu. Mifuko 3 mara 100 ni mifuko 300, tani 30. Mfuko tuuhesabu dola 25, inakuwa dola 7,500 kwa mwaka. Agronomu tumlipe dola 200 kwa mwezi, ni 2,400. Mafuta ya pikipiki, matengenezo, mbegu za shamba la mfano, tuweke 2,000. Jumla 4,400. Hata kwa wasikilizaji wachache hivyo faida inabaki, na mwaka wa pili wale 100 hawasahau kupanda mistari. Trekta ukiinunua inaanza kufa siku unayoinunua.

Ndugu mmoja ukumbini alisema: "Hiyo ni hesabu ya ubao. Mahali pengine imeonekana?" Ulizo zuri. Imeonekana Ethiopia. Watafiti walifuata familia za vijiji 15 kwa miaka, wakachapisha matokeo mwaka 2009: familia iliyotembelewa na afisa wa ugani walau mara moja, nafasi yake ya kuwa chini ya mstari wa umaskini ilipungua kwa karibu pointi 10 za asilimia, na matumizi yake yalikua haraka zaidi kwa pointi 7. Imeonekana pia Kenya, Tanzania na Uganda kwenye shule za wakulima shambani, zile ambazo kikundi kinakutana kwenye plot moja na kujifunza kwa kuangalia. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulikuta mapato ya walioshiriki yalipanda kwa asilimia 61 ukizichukua nchi zote tatu pamoja. Ndani ya nchi moja moja tofauti ilikuwa kubwa, tusifiche.

Na tusifiche pia palipoharibika, maana wapinzani wetu wataleta mfano huo na ni afadhali tuulete wenyewe. Kenya, kuanzia mwaka 1982, ilipokea mpango mkubwa wa ugani uliosukumwa na Benki ya Dunia. Maofisa walikuwa wengi. Mwaka 2000 watathmini wa Benki hiyo hiyo waliandika kwamba faida iliyoonekana ilikuwa ndogo. Pesa ilikwenda kwenye mishahara, kidogo ilibaki kwa kutembea. Ujumbe ulikuwa ule ule kwa kila mtu, na mkulima hakuulizwa alitaka kujua nini. Tunaona hapo sura ya ofisi zetu. Ukiajiri watu 50 bila pikipiki na bila mtu wa kuwauliza, umeajiri watu 50 wa kukaa chini ya mwembe. Tutarudi kwenye hilo.

Kwetu Katanga kulikuwa na Projet Nord-Shaba, upande wa Kongolo na Nyunzu, tangu miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa pesa za Wamarekani. Walileta mbegu, walileta wafundishaji, na walifungua barabara. Wazee wa kule ukiwauliza watakutajia barabara kwanza. Tunaelewa. Agronomu akikufundisha kuvuna mifuko 11 halafu lori halifiki, ule wa 11 utaliwa na panya. Kwa hiyo hatusemi agronomu peke yake ataleta bei nzuri.

Kuna kijana aliuliza juu ya ngano, maana mkate nao umepanda. Ngano Kongo inalimwa kidogo kwenye milima ya baridi, kama Lubero huko Kivu ya Kaskazini. Unga wa mikate yetu, kwa sehemu kubwa kabisa, ni ngano iliyovuka bahari. Likasi si mahali pake. Lakini hadithi ya ngano ya Ethiopia tunaihitaji sana hapa, na ndiyo iliyotufanya tukae usiku tukibishana.

Mwaka 1967, huko Arsi, karibu na muji wa Asella, mradi ulioitwa CADU ulianza kwa msaada wa Uswidi. Wafundishaji, mbegu bora ya ngano, mbolea, mikopo. Ngano ilikubali. Mavuno yalipanda, na kilimo cha ngano kikawa biashara ya faida. Halafu? Wenye ardhi waliona kwamba sasa shamba lina pesa. Wakaleta matrekta na kuwafukuza wapangaji waliokuwa wakilima kwa kugawana mavuno. Wale waliofundishwa walipoteza mahali pa kutumia mafundisho, mpaka mapinduzi yakaja na ardhi ikataifishwa mwaka 1975.

Wandugu wa Likasi, mnasikia? Mashamba yanayozunguka muji wetu mengi hayana karatasi. Mwenye shamba ana neno la shefu wa kijiji tu. Leo shamba ni pori lenye mihogo, hakuna anayelitaka, labda mwenye kutafuta kobalti chini yake. Kesho tukilifanya litoe tani 2 au 3, mkubwa fulani wa Lubumbashi atagundua kwamba babu yake alizaliwa pale. Au karere mpya itafunguliwa, na mama atapewa fidia ya mahindi yaliyo shambani, ya udongo hakuna. Ndiyo maana kwenye barua yetu tumeandika mambo mawili pamoja, na tunakataa yatenganishwe: mafundisho, na karatasi ya ardhi kwa yule anayelima. Wenzetu wengine walisema tungoje, tuombe agronomu kwanza, ardhi baadaye. Tulipiga kura. Walishindwa, na wamekubali.

Pesa itatoka wapi? Hapa tunazungumza bila kunong'ona. Kodi ya madini, sheria ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inagawa redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa ETD ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kampuni inapaswa kutoa walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Pesa iko. Inaingia. Tunaona malori. Tunachokosa ni ubao wa matangazo unaosema mwezi huu imeingia ngapi na imefanya nini.

Na viongozi wetu walitia sahihi Maputo mwaka 2003: asilimia 10 ya bajeti ya nchi iende kwenye kilimo. Wakarudia Malabo mwaka 2014. Kongo ilichagua njia nyingine, ya mradi mkubwa wenye picha nzuri. Bukanga Lonzo ilizinduliwa mwaka 2014, hekta 80,000, matrekta mapya kwa mistari, mahindi ya kulisha Kinshasa. Dola milioni 285 zilitoka. Mwaka 2017 ilikuwa imesimama. Mwezi wa 5 mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu juu ya pesa zile, yeye anakana. Tuachie wanasheria. Sisi tuligawanya tu 285,000,000 kwa ile 4,400 ya agronomu wetu wa mfano. Inatoka zaidi ya miaka 64,000 ya kazi ya agronomu mmoja. Ukumbi mzima ulicheka, halafu ukanyamaza.

Tuliulizwa pia kama tunatafuta kazi kwa mlango wa nyuma. Kati yetu wamo wenye diploma za agronomia wanaouza unite za simu na kuendesha pikipiki za watu, na ndiyo, wangependa kazi. Hiyo si aibu. Lakini tumeandika kwenye barua kwamba agronomu achaguliwe kwa mtihani wa wazi, na kila mwisho wa msimu wakulima wenyewe wakae na kusema kama anaendelea au anaondoka. Akiwa ni mmoja wetu na hatembei, aondoke. Kile kilichoua mpango wa Kenya hatukitaki hapa. Kwa hiyo pikipiki na mafuta yawe kwenye bajeti moja na mshahara, na taarifa isomwe kijijini, kwa Kiswahili, kwa sauti. Na tunadai nusu ya watakaoajiriwa wawe wanawake, maana wanaoshika jembe huku wengi ni mama zetu, na mume mwenye wivu hatafurahi kuona kijana wa kiume anakuja kumfundisha mke wake kila Alhamisi. Watu walicheka hapo pia, lakini mama mmoja alisimama kusema ni kweli kabisa, na ndiyo sababu likelemba yao ilikataa mfundishaji wa ONG moja.

Barua ina maulizo manne kwa meya, kwa wakubwa wa komini zote nne na kwa wakuu wa sekta za Kambove. Mwaka uliopita mlipokea redevansi kiasi gani? Ni kiasi gani kilienda kwenye kilimo, na kwenye kijiji gani? Maagronomu wangapi wako kwenye orodha ya mishahara, na nani kati yao ana usafiri? Mashamba mangapi yamepewa karatasi? Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Tusipojibiwa tutaenda kukaa mbele ya ofisi, kwa amani kama kawaida yetu, na tutaleta sufuria.

Mvua inaanza kati ya mwezi wa 10 na wa 11, na barua lazima iwe imefika kabla watu hawajapanda. Kikula na Shituru wameshakusanya sahihi. Likasi-centre bado. Panda wanahitaji watu watatu wanaojua Kifaransa cha ofisi na mmoja mwenye printa. Wenye nafasi wawasiliane na waratibu wao kabla ya Jumamosi.